Mlima nao uko na historia: namna tulifika kujenga mahali tunapojenga



Tangu mwezi wa pili wa mwaka 2025, wakati kambi za pembeni ya mji wa Goma zilivunjwa na watu wakashika njia ya Sake kurudi Masisi, na wengine wakaendelea mpaka Walikale, sisi tunaotembelea vijiji tumeulizwa swali moja kuliko yote. Si la chakula. Chakula watu wetu wanajua namna ya kukitafuta, hata kama ni kulima shamba la mwingine kwa kikapu cha viazi. Swali njo hili: "Sasa tujenge wapi?"

Zamani tulikuwa tunajibu mbio mbio. Pale nyumba yako ilipokuwa, tulisema, pale njo kwako. Tukagawa shitingi, tukagawa manjanja na misumari, tukapiga picha, tukaandika raporo, tukarudi Goma. Leo hatujibu tena hivyo, na tunataka kuwaeleza ni juu ya nini. Itabidi turudi nyuma karibu miaka mia moja, sababu mlima unaokatika leo ulianza kutayarishwa zamani sana, na mikono ya watu ilikuwamo.

Tuanze na ardhi yenyewe. Masisi ni inchi ya milima. Wageni wanaiita Uswisi ya Kongo juu ya yale majani mabichi, ng'ombe na jibini. Ni kweli inapendeza. Lakini panda toka Sake kwenda Masisi-centre wakati wa mvua, utaona kile kisichoonekana kwenye picha: udongo mzito unaokunywa maji siku nyingi, umekaa juu ya jiwe gumu lisilopitisha maji. Maji yakifika kwenye jiwe yanakosa njia, yanatandaa pale chini, na siku moja udongo wote wa juu unateleza kama blanketi inayovutwa kitandani. Wenye kusema Kinyarwanda wanaita inkangu. Siye kwa Kiswahili chetu tunasema tu mlima umekatika. Mvua kwetu inapumua kidogo kati ya mwezi wa sita na wa nane, kisha inarudi na nguvu mwezi wa tisa mpaka mwisho wa mwaka, na tena mwezi wa tatu mpaka wa tano. Walikale, chini kwenye msitu mkubwa, milima inapungua lakini maji yanaongezeka: Lowa na Oso zinakusanya yote yanayoshuka toka Masisi, na daraja likienda, teritwari nzima inakaa kama kisiwa.

Upande wa Sake iko pia neno la moto. Mwaka 1912 volkano ilipasuka karibu kabisa na ziwa, pale Rumoka. Mwaka 1938 Nyamulagira ikaanza kutoa moto ambao haukuzimika mpaka 1940. Ule moto ukashuka mpaka ndani ya Ziwa Kivu na nusura ufunge ghuba ya Kabuno. Wale wote wanaopita kwa miguu au na chukudu kati ya Mugunga na Sake wanakanyaga majiwe ya moto wa zamani. Na ndani ya mashimo ya yale majiwe iko mazuku, hewa nzito isiyoonekana, inayoua mbuzi, mbwa na mtoto aliyeinama kuokota kuni. Hata wanasayansi wa Ulaya wanaandika mazuku vilevile, neno letu, sababu hawakupata la kwao. Tunalitaja hapa juu ya jambo moja: wakati kambi zilipangwa upande wa Mugunga na Bulengo, watu walilazwa kwenye inchi yenye mazuku. Waliotoroka vita wakaenda kulala pembeni ya shimo la hewa mbaya. Mtaona kwamba hii si mara ya kwanza.

Sasa turudi miaka ile.

Wazee tunaoketi nao, Masisi na pia upande wa Walikale, wanakubaliana juu ya jambo moja hata kama hawakubaliani juu ya mengine: nyumba za babu zao hazikuwa chini ya mteremko. Zilikuwa kwenye bega la mlima, mahali ambapo mlima unapumzika kidogo kabla ya kushuka tena. Bonde lilikuwa la shamba la migomba na la kuteka maji, mtu hakulala mle. Hatusemi wazee hawakuwahi kuzikwa na udongo. Tunasema tu walikuwa na nafasi ya kuchagua, watu walikuwa wachache na inchi ilikuwa kubwa.

Ile nafasi ya kuchagua iliondoka kidogo kidogo. Mwaka 1925 Wabelgiji waliunda Parki Albert, ambayo leo ni Virunga, na upande wa mavolkano ukafungwa. Mwaka 1928 ikaundwa kampuni ya Comité National du Kivu, ambayo ilipewa uwezo juu ya ardhi kubwa ya kugawia wazungu walowezi. Wakapanda kahawa, chai, kinkina na pareto, na walipopanda walichukua kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angechukua, yaani milima ya upole, yenye mteremko mdogo na njia karibu. Mikono ya kufanya kazi ikakosekana. Kwa hiyo kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ikaleta maelfu kwa maelfu ya familia toka Rwanda, ambayo nayo ilikuwa chini ya Ubelgiji, ikawapanga Gishari na sehemu zingine za Masisi. Nani alipewa nini, kwa ruhusa ya mwami gani, na kwa bei gani, hiyo ni mabishano ambayo imetuletea makaburi mengi, na hatutaifungua hapa. Katika ushirika wetu tuko na wajukuu wa pande zote. Tunaloangalia ni mteremko tu: watu waliongezeka sana, na wakati huohuo ardhi ya upole ilikuwa imeshaandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Walikale ilikuwa namna nyingine. Kule Wabelgiji hawakuwa na haja ya milima, walitaka barabara na madini, na walitaka watu wahesabike. Kwa hiyo vijiji vya msituni vilikusanywa pembeni ya barabara ili kodi ilipwe na barabara ilimwe na wale wanaokaa hapo. Mtu aliyekuwa na nyumba kwenye kilima chake ndani ya msitu akajikuta kwenye mstari, nyumba kwa nyumba, mahali ambapo injinia alikata ubavu wa mlima kupitisha lori. Mpaka leo vijiji vingi vya Walikale ni ule mstari. Ukipita utaona: mbele barabara, nyuma ukuta wa udongo uliokatwa, nyumba katikati.

Uhuru ulipofika, vibao vilibadilika majina lakini mipaka ya mashamba haikusogea. Mwaka 1973 mambo mawili yalitokea. Mwezi wa saba ikatoka sheria ya ardhi inayosema udongo wote ni mali ya taifa. Mwezi wa kumi na moja Mobutu akatangaza zairianizasio, na plantesheni za wazungu zikapewa Wazaire wenye mkono mrefu. Wengi wao hawakutaka chai wala pareto, walitaka ng'ombe. Milima ya Masisi ikawa malisho, ikazungushiwa nyaya. Mkulima asiye na karatasi, ambaye ardhi yake ilikuwa ya desturi tu, akapanda juu zaidi, kwenye ubavu ambao hata ng'ombe hataki, au akashuka chini kabisa kwenye bonde. Hapo njo tunaona chanzo. Watu hawakuenda kukaa chini ya mlima unaokatika kwa ujinga. Pale njo palibaki.

Kisha vita. Mwezi wa tatu 1993 ilianza soko la Ntoto, Walikale, ikapanda Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi toka Rwanda wakajaa Goma, na mwaka 1996 kambi zilipovunjwa msururu mkubwa ukapita milima yetu ukielekea magharibi, Masisi na Walikale. Ng'ombe waliisha karibu wote. Nyaya ziliibiwa, miti ikakatwa kuwa kuni na makala. Toka pale hatujapumzika vizuri: 2007, 2008, 2012, na toka 2022 mpaka leo. Kila mara ni mwendo uleule. Watu wanatoroka kilima, wanaenda kukusanyika kwenye senta, Sake, Kitchanga, Nyabiondo, Rubaya, wanajenga vibanda pembeni pembeni, kwenye miteremko ambayo wenyeji waliiacha makusudi. Vita ikinyamaza, wengine wanarudi, wengine wanabaki, na kibanda cha shitingi kinageuka nyumba ya udongo. Rubaya pale imeongezeka neno la koltani: mlima wenyewe umetobolewa mashimo, vijana wanakufa ndani udongo ukiangukia, na tope la machimbo linashuka mpaka kwenye nyumba na mashamba.

Tarehe 2 mwezi wa nne 2023, siku ya Mungu, mchana, wamama na watoto wa Bolowa, katika teritwari yetu ya Masisi, walikuwa kwenye kijito chini ya mlima. Walikuwa wanafua nguo na kuosha vyombo. Mlima ukakatika juu yao. Watu karibu ishirini walikufa, karibu wote wamama na watoto. Hakukuwa na kelele nyingi nje ya jimbo, sababu mwezi uleule kila mtu alikuwa anasema vita.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 4 mwezi wa tano, ikawa zamu ya majirani zetu wa Kalehe, ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Ilikuwa siku ya nne ya juma, siku ya soko Nyamukubi. Mvua ilipiga juu milimani, mito ikashuka na majiwe makubwa na miti mizima, ikafagia Nyamukubi na Bushushu. Maiti zaidi ya mia nne zilizikwa, na hesabu ya waliopotea ilifika maelfu. Kama ingekuwa siku nyingine, wasingekuwa watu wengi vile pale. Lakini soko lilikuwa pale juu ya nini? Sababu pale njo sehemu tambarare peke yake kati ya mlima na ziwa, na ile sehemu iko tambarare sababu mto wenyewe njo uliitandika, kwa mafuriko ya zamani. Mwaka 2014, mwezi wa kumi, maji yalikuwa yameshaua watu kwenye pwani ileile ya Kalehe. Watu walilia, wakazika, wakajenga tena. Siye pia tungefanya hivyo. Siye pia tumefanya hivyo.

Hapa inabidi tuseme neno letu wenyewe, sababu wafadhili wanasoma na ni vizuri walijue toka kwetu. Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja ambacho hatutakitaja, tulisaidia familia zilizorudi kujenga nyumba zao kwenye viwanja vyao vya zamani. Kazi ilienda vizuri. Kila familia ilikata mlima kupata uwanja wa sawa, kama kawaida, na udongo waliouchimba wakausukuma mbele kuongeza ua. Tuliwasifu juu ya bidii. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikashuka toka kwenye manjanja mapya tuliyoyatoa sisi, yote ikiangukia mstari mmoja nyuma ya nyumba, kwenye ule ukuta wa udongo uliokatwa juzi. Nyumba mbili zikafunikwa mpaka dirishani. Ilikuwa mchana, watu walikuwa shambani. Ingekuwa usiku tungeandika makala nyingine. Nyasi za zamani zilikuwa zinakunywa maji na kuyadondosha pole pole. Manjanja inayatupa yote mara moja. Hakuna aliyetufundisha lile chuoni, au labda walitufundisha na hatukusikia, lakini mzee mmoja wa kijiji alilijua. Hatukuwa tumemuuliza.

Toka siku ile tunatembea na wazee kabla ya kutembea na fomu. Tunapanda juu ya kiwanja, hatuangalii kiwanja chenyewe peke yake. Tunatafuta ufa kwenye majani, hata mdogo wa kuingiza kidole, unaokata mlima kwa upana. Tunaangalia miti iliyoinama yote upande mmoja, migomba inayolala bila upepo. Tunauliza chemchemi: imeanza kutoa maji ya tope? imekauka ghafla? imetokea mpya mahali ambapo haikuwepo? Tunauliza wamama kama mlango wa nyumba umeanza kugoma kufunga, sababu nyumba inasikia mlima kabla ya mtu. Tukiona mawili ya hayo pamoja, hatutoi manjanja pale. Ni neno gumu kumwambia mtu aliyelala miaka mitatu chini ya shitingi, na mara nyingine amekasirika, na yuko na haki ya kukasirika.

Penye hatari ndogo, tunachimba mfereji juu ya nyumba, upana wa jembe mbili, unaopeleka maji pembeni mpaka kwenye korongo, si kwenye nyumba ya jirani (hili limeshatuletea kesi mbele ya chefu). Ukuta wa udongo nyuma ya nyumba haukatwi wima, unalazwa, na nyumba inaachana nao hatua kadhaa. Choo hakichimbwi juu ya nyumba. Kwenye kingo tunapanda mabingobingo na setaria, ambayo pia ni chakula cha mbuzi, na grevilea kati kati. Mikalitusi watu wanaipenda juu ya mbao na makala, tunawaelewa, lakini ikikatwa yote siku moja mlima unabaki uchi na mizizi inaoza ndani.

Juu ya tetemeko la ardhi tutasema kwa ufupi zaidi, ingawa hatari si ndogo. Siye tunaishi ndani ya ule ufa mkubwa unaobeba maziwa yote toka Albert mpaka Tanganyika. Kituo cha Lwiro, upande wa Kabare, kilikuwa kinapima matetemeko tangu miaka ya 1950. Mwezi wa kumi 2002, mwaka uleule Nyiragongo ilipounguza Goma, tetemeko la nguvu zaidi ya 6 lilipiga upande wa Kalehe. Tarehe 3 mwezi wa pili 2008, siku ya Mungu asubuhi, lingine la karibu 6 lilitikisa Bukavu na ng'ambo, na wengi waliokufa walikuwa upande wa Rwanda, wengine ndani ya kanisa. Kilichoua ni matofali. Nyumba ya bibi zetu ya miti, matete na udongo inayumba kama kikapu, inapasuka plasta, inabaki imesimama. Nyumba ya matofali mabichi bila mkanda wa beto juu ya madirisha inaanguka yote, na paa linaifuata. Leo kila mtu anayepata franka kidogo anataka matofali, ni heshima, na sisi hatuwezi kumwambia mtu abaki kwenye udongo. Lakini angalieni Goma: baada ya moto wa 2002, watu wengi walijenga na mbao juu ya majiwe, na mwaka 2021, wakati ardhi ilitetemeka siku nyingi baada ya Nyiragongo, nyufa zilikuwa za nyumba za matofali na barabara. Ile mwezi wa tano 2021 Sake ilipokea Goma. Serikali ya jimbo iliamuru kata kumi za mji zihame tarehe 27, na watu wakajaa makanisani, mashuleni, kwenye veranda za watu wetu. Wanachama wetu wengi wa Sake walipokea wageni bila msaada wa mtu. Mara nyingi tunasahau kuliandika.

Na radi. Tunajua mfadhili akisoma ombi lenye neno radi anacheka kidogo. Mwaka 2016 watafiti walichapisha hesabu ya radi ya dunia nzima, wakitumia vipimo vya satelaiti vya miaka 16, toka 1998 mpaka 2013. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili duniani ni sehemu waliyoiita Kabare, radi 205 kwa mwaka kwa kila kilomita mraba. Ya tano waliiita Sake, 143. Kila sehemu waliipa jina la mji wa karibu, kwa hiyo msifikiri ni pale barabarani tu. Ni hii milima yetu na msitu wetu, ambapo hewa yenye maji toka Walikale inagonga milima jioni. Butembo nayo imo kati ya kumi za kwanza.

Tunalisema kwa sauti sababu radi kwetu inaua mara mbili. Inaua mtu shambani au mwanafunzi darasani, kisha jioni watu wanauliza nani aliituma. Mama mzee asiye na watoto, baba aliyegombana juu ya mpaka wa shamba, hao njo wanatajwa. Tumeona nyumba zikichomwa, na wazee waliofukuzwa wakiwa na miaka ya kukalishwa na kuhudumiwa. Tunapoenda na ile hesabu ya satelaiti, hatuendi kutukana imani ya mtu. Tunauliza tu: kama mtu njo anatuma, ni nani huyo anayetuma radi 143 kwa kila kilomita, mwaka mzima, mpaka kwenye msitu ambako hakuna hata mtu wa kugombana naye? Watu wanacheka, kisha wananyamaza, kisha mmoja anasema ile ya mjomba wake ilikuwa tofauti. Ni kazi ya pole pole. Kwa shule tunaomba paratoneri yenye waya mzuri unaoshuka mpaka ndani ya udongo wenye maji. Shaba inaibiwa, tunajua. Kwa hiyo kamati ya wazazi inailinda na zamu, na wamama wa muso njo wakali zaidi kwa zamu hiyo.

Sasa tuseme na wafadhili uso kwa uso. Tunawashukuru kwa manjanja, tutaendelea kuyahitaji. Lakini bajeti yenye mstari wa manjanja na haina mstari wa ardhi, inamrudisha mtu chini ya mlima uleule. Kiwanja salama kwetu mara nyingi kiko ndani ya nyaya za malisho, na hakitoki bila mazungumzo, bila mwami, bila karatasi, na bila franka. Ni kazi ya miezi sita ambayo haionekani kwenye picha. Mwaka uliopita muso zetu zilianza kutenga sehemu ya sanduku la shida kwa ajili ya hiyo, mara mbili katika mwaka, na salongo ya kuchimba mifereji inafanyika kabla ya mwezi wa tisa, siyo baada ya maiti. Hatuna mengi ya kujivunia. Viwanja tulivyofaulu kuhamisha vinahesabika kwa vidole.

Kesi iliyo mezani leo ni ya mama mmoja mjane, mwanachama wetu wa siku nyingi, ambaye jina lake tunaliacha. Kiwanja chake kiko chini ya ubavu wenye ufa. Tulipima mwezi wa sita, tukapima tena mwezi wa nane, na ufa umefunguka. Alituambia wazi hatatoka, sababu mume wake amezikwa pale na akitoka jirani atachukua migomba. Tulienda mara tatu. Mara ya nne tulienda na mzee wa ukoo wa mume, na alikubali kwa masharti mawili: migomba ibaki yake na kaburi lizungushiwe miti. Mwenye malisho ya juu, ambaye anaishi mbali, ameandikiwa barua na chefu kuomba kipande cha mita ishirini kwa ishirini pale begani mwa mlima. Jibu halijafika. Mvua imeshaanza. Kila ikinyesha usiku yule mama anabeba watoto na mbuzi wawili, anapanda kulala kwa dada yake, na asubuhi anashuka kuangalia kama nyumba bado iko.